Karibu ya Bwana Kachenje

Karibu ya Bwana Kachenje ilisikika mtaa mzima. Kila magharibi ya Ramadhani alikaa barazani na sinia lake la futari, akimwita kila apitaye, "Karibu!" Mpita njia alishukuru na kukataa, maana mwenye adabu haketi mpaka asisitizwe. Kachenje hakusisitiza hata siku moja. Sifa za ukarimu akazipata, na futari ikabaki yake.

Jioni moja akapita Tindwa. Nyumbani mama yake mzee alikuwa amefunga, na chunguni hamna kitu. Barazani kwa Kachenje walikaa wageni waliokuja kumposa binti yake.

"Karibu, Tindwa!"

"Ahsante, bwana. Mke wangu kaniapisha nisiguse futari ya hapa. Ati karibu yako inaishia mdomoni."

Wageni wakatazamana. Kachenje akacheka kwa shida. "Maneno ya wanawake hayo! Keti ule."

"Aa, bwana, nitagombana naye."

"Tindwa, nasisitiza! Keti!"

"Hata nikila hataamini. Yule mpaka aonje mwenyewe."

"Basi mpelekee!" Kachenje akajaza bakuli mihogo ya nazi, akapanga samaki juu, akaongeza na tambi. "Umwambie nimesisitiza mbele ya wakwe zangu!"

Tindwa akafika kwao mbio, adhana ndiyo kwanza inalia. Mama akafuturu, akamhimidi Mungu, kisha akauliza, "Bahili yule katoaje?"

"Kampa mke wangu."

"Mke gani, nawe hujaoa?"

"Mola anisamehe, mama. Ongeza samaki, hatuna wa kugawana naye."