Wino Hauijui Siku ya Harusi

Rahabu alikuwa akianika kadi alizotoka kuzichapa kwenye kamba, simu ameibana kati ya sikio na bega. Mteja alikuwa anauliza kazi yake itakwisha lini, na kama kesho ataipata. Kabla Rahabu hajajibu, bibi yake, aliyekuwa akipanga karatasi karibu na dirisha, akasema polepole, "Wino hauijui siku ya harusi."

Rahabu akamwambia mteja atampigia baadaye. "Bibi, maneno hayo yalitoka wapi?"

"Nadhani ni ya kufukuzia wateja," kaka yake Yonazi akadakia.

Bibi akacheka. "Ndiyo yaliyowaleta. Anikeni tu, huku mnasikiliza. Methali hii ilianza papa hapa Lushoto, na ilikuwa hivi."

Mwanaheri alikuwa na mashine ya kuchapa ya mkono, katika chumba kilichotazama bonde. Ukungu ulipopanda kutoka bondeni uliingia bila kubisha hodi, ukakaa juu ya karatasi kama mgeni aliyechoka safari. Mwanaheri alikuwa fundi mzuri, ila mwepesi wa kuahidi. Mteja akiuliza kazi itakwisha lini, humjibu, "Wewe waitaka lini?" Siku yoyote aliyotajiwa aliikubali, maana aliamini kuwa mteja akiambiwa asubiri huvuka barabara kwa mwingine.

Ijumaa moja akaja Mzee Shemhilu, mjomba wa bi harusi. Kwao, kadi za harusi hugawiwa na mjomba kwa mkono wake, naye alitaka kuzigawa kesho yake gulioni, ambako ukoo wote huteremka kutoka milimani.

"Asubuhi utazikuta," Mwanaheri akasema, na nyuma yake dirisha lilikuwa jeupe kwa ukungu.

Hakuwa amewahi kupata kazi kubwa kama ile. Ikiharibika, milima yote ingejua. Akachapa mchana kutwa. Jioni kadi zilikuwa bado mbichi, lakini akazipanga moja juu ya nyingine, akazikandamiza kwa pasi ili zinyooke, akalala. Akaota majina ya maharusi yanaelea juu ya bonde, meupe, hayana pa kutua.

Asubuhi akazifungua. Mgongoni mwa kila kadi palikuwa na kivuli cha kadi iliyokuwa chini yake, jina la bwana harusi likisomeka kinyumenyume.

Mzee Shemhilu akaingia, akaichukua moja, akaigeuza mara mbili. "Mwanangu, huyu bwana harusi ataingia kwetu kwa mgongo?"

Mwanaheri alitaka kulaumu karatasi. Akaitazama ile kadi, akashindwa. "Nisamehe, mjomba. Jana nilijua hazitakauka. Niliogopa utaenda kwingine."

"Ungeniambia jana, leo ningewaalika kwa mdomo, kadi zikafuata. Mimi nina mdomo, mwanangu!"

"Nitazichapa upya."

"Kwa lini?"

Jibu la zamani likamjia ulimini. Akalimeza. "Sijui. Nikizigusa zikaacha kidole changu safi, nitakuita. Wino hauijui siku ya harusi, mjomba."

Mzee akacheka hadi kofia ikamteleza. Akashuka gulioni mikono mitupu. Kila aliyemuuliza kadi ziko wapi, alimwalika kwa mdomo na kumjibu kwa maneno yale yale. Watu wakacheka, wakarudi nayo milimani pamoja na chumvi na mafuta ya taa. Baadaye wakaanza kuja kwa Mwanaheri, mmoja mmoja, wakimtafuta yule fundi asiyetaja siku kabla ya kugusa karatasi.

Bibi akarudi kwenye karatasi zake. Nje ukungu ulikuwa umefika kizingitini. Rahabu akaigusa kadi iliyokuwa karibu. Kidole kikatoka cheusi. Akachukua simu, akampigia mteja.

"Shikamoo, mama. Kesho hapana. Bado mbichi... Zikikauka nitakupigia mwenyewe."

Akasikiliza, akatabasamu. "Anasema atasubiri."

Yonazi alikuwa tayari ameinyoosha mikono azianue kadi azipange. Akaishusha. Wakaziacha kambani zikitikisika kidogo katika weupe ule, wakafunga mlango taratibu.

"Wino," Yonazi akasema njiani, "hauijui siku ya harusi."