Ndege Saba Katika Kichaka Kimoja

Ilikuwa Jumanne, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, ndugu zangu, binti mmoja alipoingia msituni na daftari. Alikuwa ametumwa kuhesabu ndege. Wakubwa walikwisha kusema: zikipatikana aina saba za wale wasioishi ila penye miti mikubwa ya asili, msitu utaachwa, zikipungua, utafyekwa ipandwe mikaratusi. Na chemchemi ya kijiji ilitoka humo humo.

Akatega sikio. Hondohondo. Akaandika. Kasuku. Akaandika. Tai wa msituni! Akaandika upesi. Jua lilipochomoza juu ya miti, alikuwa na majina saba kamili. Akayasoma mara nne, moyo haukutulia. Mbona wote wanalia upande mmoja?

Mama mmoja aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe akamuuliza, "Unaandika nini hivyo, mwanangu?"

"Tai, mama. Hukumsikia?"

Yule mama akacheka hadi mundu ukamponyoka. "Tai gani anakaa kwenye kichaka cha kunifika kiunoni? Hebu sogea umwone tai wako."

Akasogea. Alikuwa kurumbiza mmoja, kifua rangi ya chungwa, wa kuenea kiganjani. Akalia kama tai. Akalia kama kasuku. Akazimaliza sauti zote saba.

"Huyu hata kwangu kwenye migomba yupo," mama akasema. Kisha kicheko kikamwisha. "Sasa utawafuta? Ukiwafuta, maji yetu je?"



Mnamcheka kurumbiza, ndugu zangu? Sisi tumezishika sala za bibi zetu neno kwa neno, hata pumzi tunavuta pale walipovuta wao. Tunalia huruma, tunalia toba, jengo zima la ibada linavuma. Mtu akisimama nje na daftari atatuandika wengi. Je, akisogea, atamkuta nani kichakani? Huruma yenyewe ingali inaishi humu, au tumebaki na mlio wake tu? Nawauliza, nami nimo.

Kesho yake, saa kumi na mbili na dakika kumi, binti aliyakata kwa mstari majina yote saba. Akakipita kile kichaka, akaingia ndani kuliko jana, kutafuta mabawa, si milio. Na yule mama, bila kuombwa, akatangulia na mundu wake, akimkatia njia.