Nyani Aliyedharau Kijiti

Ngano, ngano, kila siku ngano! Vyungu vina masizi, hakuna aliyeinuka kuvisugua, lakini midomo iko wazi kama ya makinda. Haya. Nashukuru kuwa na wa kunikera. Nachovya mkono!

"Chovya, bibi!"

Nimeshika!

"Toa tuone!"

Alikuwapo Nguchiro, mdogo, mwembamba, ana watoto wasioshiba. Mali yake ni kijiti kilichopinda ncha, ukambaa wa ukindu na kikapu, basi. Maji yakipwa huingia kwenye tope la mikoko, chwapu, chwapu. Akiona shimo lina tope bichi mlangoni, huingiza kijiti. Kaa hukibana, kwa! Naye humvuta polepole, humkanyaga mgongoni, humfunga magando, humtia kikapuni. Kisha husema, "Asante, tope. Asante, kijiti."

Nyani yuko juu ya mkoko, anatazama. Kikapu kikijaa hushuka, pu! "Lete, mdogo wangu." Hula wote, kwacha, kwacha. Watoto wa Nguchiro hulalia maji ya moto.

"Asante, kaka," husema Nguchiro, "umeniachia kikapu."

Kesho yake vilevile. Kesho kutwa mtoto wa mwisho akashindwa hata kulia. Nguchiro akaona, hapa sasa nitazika.

Akamwendea Nyani. "Kaka, wewe wa kula hivi vidogo? Baba yao yumo katika shimo lile, chini ya mizizi. Mkono wangu haufiki."

"Na kijiti?"

"Kijiti ni cha wanyonge. Wewe una mkono kama mpini wa shoka."

Nyani akavimba. "Hebu sema tena!"

Akasema tena. "Ila ngoja maji yaanze kujaa, tope lilainike."

Hakumwambia kwamba kaa akisikia maji yanarudi, huanza kupanda kuja mlangoni, magando mbele.

Maji yakarudi, chururu. Nyani akatumbukiza mkono hadi kwapani. Kwa!

"Uwiii! Ananivunja!"

"Usivute, kaka. Ukivuta, anabana."

Akavuta. Kaa akabana, akajikaza kwenye mizizi. Maji kiunoni. Maji kifuani.

"Niokoe, mdogo wangu! Nitakulipa!"

"Nini?"

"Chochote utakacho!"

"Basi tulia kama maiti. Kaa hana haja ya kubana maiti."

Nyani akatulia, machozi yanamtiririka, maji yanamlamba kidevu. Kaa akalegeza. Nyani akachomoka, gumba limevimba kama ndizi mzuzu. "Asante," akasema, na lilikuwa neno geni kinywani mwake.

Yangu imeishia hapo. Mwenye tamu kuliko hii aitoe. Mnataka na fundisho? Mwacheni mwizi ale ashibe, ni kaka yenu.

Ama Nyani, deni lake lilikuwa hili: kila maji yakipwa, abebe kikapu hadi kwa Nguchiro, awavunjie watoto magando kwa meno yake mwenyewe, mmoja mmoja, wakimwambia "Asante, mjomba," na asimeze.