Mahali pa Changu

Bwana Kiluvia, tajiri wa Tanga, alikuwa na boti ya injini na mishipi ya bei mbaya, ila samaki hapati. Bi Somoe wa mtaa wa pili alirudi kila siku na kapu la changu wanono. Wivu ukamshinda tajiri, akamfuata barazani mbele ya majirani.

"Bi Somoe, nionyeshe unapovua. Ukikataa, nyumba hii unayopanga nitainunua nikuhamishe."

"Sina ubishi, mwanangu. Ila naogopa, ukishapajua utatufukuza sisi wanyonge."

"Mimi? Bahari ni ya Mungu!"

"Basi waapie hawa kwamba hapo patakuwa pa wote, na hatazuiwa mtu kupita."

Kiluvia akacheka. Kwa boti yake, nani angemtangulia? Akaapa kwa sauti kubwa, majirani wakaitikia.

"Ni mbali? Nikajaze mafuta?"

"Ya nini, baba? Viatu vyako vinatosha."

Bi Somoe akatangulia, tajiri akafuata, majirani nyuma yao. Wakaenda mpaka kwenye geti la jumba la Kiluvia mwenyewe.

"Mbona umenileta kwangu?"

"Changu wamejaa kwenye mwamba ulio nyuma ya ukuta wako. Tangu uzibe njia yetu, wewe ukienda kuvua mbali, mimi nazunguka majini mpaka kifuani, na magoti yamechoka. Hebu mwambie mlinzi atufungulie, baba. Wenzangu wamekuja na mishipi yao."

Kiluvia akawatazama majirani, akajikuna kisogo, akamwita mlinzi.