Vuai na Miti ya Kejeli

Hapo zamani, masultani walipokuwa wengi kuliko visima, palikuwa na mji uitwao Mwambale, na sultani wake akiitwa Nasibu. Mji ule ulikuwa na mitaa miwili, Mkwajuni na Kisimani, nayo ilichukiana kwa furaha kubwa. Mkwajuni wakioza binti kwa ngoma ya siku tatu, Kisimani walipiga ya siku nne, hata kama bwana harusi mwenyewe amekwisha choka na kulala. Na mtu wa Mwambale hakumtukana mwenziwe kwa mdomo mtupu, la. Alimpa kuku wake jina la kejeli, kisha akamwita kuku huyo kwa sauti ya juu, jirani apate kusikia. Mbuzi walikuwa na majina hayo, na mitumbwi, hata vyungu.

Nyuma ya mji palikuwa na msitu, na chini ya msitu chemchemi iliyoishi kwa kivuli chake na kunywesha mitaa yote miwili. Lakini msitu ulikuwa umeingiliwa na mmea mtambaazi, watu wakiuita kabakoo, kwa kuwa uliipanda miti na kuikaba mpaka ikakauka imesimama. Kila mtu aliuona kabakoo ule, na kila mtu alisema kuung'oa ni kazi ya mwingine.

Basi Sultani akataka jumba jipya, na jumba hutaka chokaa, na chokaa hutaka tanuri, na tanuri hula kuni. Akaketi barazani akanena, "Msitu ule unakufa. Nitaukata wote niuchome."

Barazani alikuwapo Vuai, fukara ambaye hata kanzu yake ilikuwa ya kuazima, na watu walimhesabu mpumbavu kwa sababu alisema alichokiona. Vuai akacheka.

"Unacheka nini, ewe Vuai?"

"Namcheka, Bwana wangu, huyo atakayekaa katika jumba jeupe asipate maji ya kutawadha."

Sultani akaghadhibika, akasema, "Kwa kuwa unaupenda msitu, nakupa siku arubaini. Ung'olewe kabakoo wote, na palipong'olewa upandwe mti. Lakini usimlipe mtu, usimwamuru mtu, wala usimwombe mtu. Ukibaki kabakoo mmoja, nakata msitu, na gogo la kwanza utalibeba wewe mpaka tanurini."

Vuai akakuna kichwa. "Na kukataza, Bwana?"

"Kukataza nini?"

"Umenizuia kulipa, na kuamuru, na kuomba. Kukataza hukukutaja."

Sultani akacheka mpaka kilemba kikamshukia puani. "Kataza mpaka sauti ikukauke!"

Ikawa asubuhi Vuai akaenda ukingoni mwa msitu na miche yake aliyoiotesha tangu masika ndani ya vifuu vya nazi. Akafunga kamba kati ya miti miwili, akaketi mbele yake. Wa kwanza kupita alikuwa Bi Somoe wa Kisimani, mpika vitumbua, mwanamke ambaye mikono yake iliogopwa hata na mumewe.

"Usipite hapa, Bi Somoe," akasema Vuai. "Ndani mna kabakoo, na kabakoo unataka watu wenye nguvu. Nimewakataza Kisimani wote."

"Na Mkwajuni?"

"Hao sijawakataza bado. Naona wao wataweza."

"Wataweza nini, wale waliolelewa kwa uji? Sogea huko!"

Akairuka kamba, akashika kabakoo, akavuta mara moja, mara mbili, na mara ya tatu mzizi ukatoka wote, naye Bi Somoe akakaa chini kwa kishindo kilichowarusha ndege. Alipoinuka alikuwa anacheka. Akaona pale shimo, akaona miche, akachukua mche mmoja akaupanda.

"Jina lake nani?" akauliza Vuai.

"Mkwajuni Macho Tu," akasema Bi Somoe, akashuka mjini akilitangaza jina hilo kila mlango.

Basi kabla ya adhuhuri Mkwajuni walikwisha fika, wanaume kwa wanawake, na ngoma zao. Vuai akasimama penye kamba akipiga kelele, "Nakataza! Nakataza!" Nao wakampita kama kisiki. Kisimani wakaja nyuma yao. Wakaushika kabakoo mmoja, hawa kulia, hawa kushoto, mzizi katikati, wakavuta huku wakiimbiana maneno ambayo sitayaandika. Upande ulioangukiwa na mzizi ndio ulioshinda, nao ukapanda mti na kuupa jina. Ukapandwa Kisimani Wametepeta. Ukapandwa Mkwajuni Mkikohoa Mnaanguka. Ukapandwa mmoja wa kumsema mtu na mama mkwe wake, ukafutwa jina kwa ajili ya heshima.

Kisha Bi Somoe akaleta neno jipya. Akasema, mti ukikauka, kejeli yake inamrudia aliyeupanda. Tangu hapo watu walibeba maji kwa mitungi kuyanywesha matusi yao, na aliyepitisha mbuzi karibu na miche alifukuzwa na mitaa yote miwili, na hilo lilikuwa jambo la kwanza mitaa hiyo kukubaliana.

Siku ya arubaini Sultani akaja na waziri wake na wakata miti wenye mashoka. Akakuta msitu umesafishwa chini, umejaa watu na ngoma. Akakunja uso. "Vuai, umewaomba hawa!"

"Waulize, Bwana wangu."

"Atuombe huyu?" akasema Bi Somoe. "Ametufukuza siku arubaini kama kuku penye mchele!"

"Basi amewalipa."

"Atulipe nini, Bwana? Kanzu hiyo ni ya shemeji yangu."

Watu wakaangua kicheko. Sultani akazunguka akitafuta kosa, na nyuma ya mvule mkubwa akaliona: kabakoo mmoja, mnene kama paja la mtu, haujaguswa. Akafurahi. "Umebaki mmoja! Enyi wa mashoka, njoni!"

Ngoma zikanyamaza. Bi Somoe akashika kichwa. Lakini Vuai akaenda akasimama mbele ya kabakoo ule, akainyosha mikono.

"Kweli, Bwana, umebaki. Siku ya arubaini haijachwa bado, lakini huu nimewakataza wote wakasikia, maana ni wa mtu mwenye nguvu hasa. Na wewe nakukataza. Utajiumiza."

"Unanikataza mimi? Katika msitu wangu?"

"Nakukataza, Bwana. Mikono yako ni laini."

Sultani akatazama huku na huku, akaona mitaa yote miwili inamtazama. Akavua joho, akampa waziri. Akashika kabakoo akavuta. Haukujibu. Ngoma moja ikaanza taratibu. Akavuta tena, kilemba kikaanguka. Waziri akatupa joho, akamshika Sultani kiunoni, wakavuta pamoja, na watu wakihesabu kwa makofi, mpaka mzizi ukatoka kwa mlio wa kitambaa kinachochanika, na Sultani na waziri wake wakakaa matopeni, mmoja juu ya mwingine.

Sultani akautazama mzizi mkononi mwake, kisha akawatazama wenye mashoka, kisha Vuai, aliyekuwa anamletea mche ndani ya kifuu. Hapo akafahamu. Akafungua kinywa apige kelele, kikatoka kicheko, akacheka mpaka waziri chini yake akaomba pumzi.

"Leta huo mche," akasema. Akaupanda kwa mikono yake. "Na jina? Mimi nimemshinda nani?"

"Hilo Bwana ndiye ajuaye," akasema Vuai.

Sultani akafikiri, akafuta tope usoni, akanena, "Tanuri Limelala Njaa."

Wenye mashoka wakarudi kwao. Vuai akapewa kanzu mpya, akairudisha ya shemeji wa Bi Somoe, ikiwa chafu. Jumba la Sultani likajengwa kwa udongo, likamtosha. Na kila alasiri Sultani Nasibu alionekana akipita Kisimani na mtungi begani, kwa kuwa waziri alikuwa amekataa kumbebea, na Bi Somoe akimwita kutoka jikoni, "Bwana wetu! Haujakauka bado?"

Yaliyobaki iulizwe miti, majina inayo.