Kete Sitini na Tatu

Hapo zamani za kale, watoto wangu, siku ambazo wanyama walikuwa na nyumba, vyungu na majirani wa kuwasema, palikuwa na Mzee Kiboko aliyeitwa Mwinyigogo. Ujanani akitembea, ndi! ndi! ndi!, vyungu vya mtaa mzima vilicheza mafigani. Uzeeni akapatwa na balaa moja kubwa: wanawe walimheshimu.

Walimheshimu kupita kiasi. Walikuwa wawili, Chuma na Jabali, vifua kama milango ya ghala. Baba akitaka kuinuka, "A-a, baba, kaa!" Akitaka maji, Chuma huyoo! Akiwashwa mgongo, Jabali yuko tayari na gunzi la hindi. Siku moja Mzee alifunua kinywa apige mwayo. Jabali akamzuia.

"Acha, baba, usijichoshe." Akaupiga yeye kwa niaba yake: haaaaah!

Basi magoti ya Mzee yakasahau kazi. Akijaribu kusimama yanalia kwaruu! kama mlango wa banda. Mnacheka? Subirini, hata ya kwangu siku hizi yanaitikia hodi.

Starehe iliyombakia ilikuwa bao. Kila asubuhi aliketi barazani na ubao wake na kete sitini na nne, akacheza na jirani yake Bibi Nguchiro. Bibi huyu alikuwa mkongwe vilevile, mvi hadi mkiani, ila mwepesi kama cheche. Isitoshe, ukoo wa nguchiro na ukoo wa viboko ni watani tangu mababu. Mtani akikutukana, hununi. Mtani akichukua kitu chako, hushitaki, unacheka, unakifuata.

"Sogea, gunia la pumba," Bibi Nguchiro alikuwa akisema akifika. "Unaziba upepo."

"Karibu, kifagio chenye meno," Mzee hujibu. Na hapo ndipo siku yao inaanza.

Asubuhi moja Bibi Nguchiro alipokuwa akikata kona ya nyumba, alisikia wana wakinong'ona. Mnong'ono wa kiboko, mnajua, husikika vijiji vitatu.

"Bwawa linakauka," alisema Chuma. "Mwezi ujao lazima tuhamie Mto Mkubwa. Mwendo wa siku mbili."

"Na baba je?"

"Baba hata jikoni hafiki! Tutamwachia mtungi wa maji."

"Mmoja?"

"Haya, miwili."

Jabali akaangua kilio, huu! huu! Barazani, Mzee aliyekuwa amesikia yote akaita kwa sauti ndogo, "Msilie, wanangu. Niacheni tu. Nimeshaishi."

Bibi Nguchiro akasimama palepale kwenye kona. Mitungi miwili? Ikiisha je? Na yeye mwenyewe amtukane nani tena hapa duniani? Chuma na Jabali? Wale ukiwatukana wanakushukuru!

Akaenda barazani. Akacheza bao, akashindwa, akaaga. Alipokuwa akienda zake, shavu lake moja lilikuwa limevimba kidogo.

Kesho yake Mzee akapanga kete. Akapanga tena.

"Sitini na tatu! Nani ana kete yangu?"

"Mimi," akasema Bibi Nguchiro. "Iko chini ya mkuyu ule."

Mkuyu ulikuwa hatua thelathini tu. "Chuma!" akaita Mzee. "Kaniletee."

"Thubutu!" Bibi Nguchiro akaruka juu ya ukuta wa baraza. "Hamjui mwiko nyie? Kete iliyochukuliwa na mtani hufuatwa na mwenyewe. Mwingine akiigusa, meno yote yanampukutika. Pukuti! Pukuti! Pukuti!"

Chuma akafumba mdomo, pwa! Kiboko asiye na meno ni pipa tu, na hakuna anayetaka kuolewa na pipa.

Kusema kweli, mwiko huo haukuwapo duniani. Bibi Nguchiro aliutunga palepale ukutani, ulikuwa bado una mvuke.

Mzee akainuka. Kwaruu! Akapiga hatua. Ndi... Akapumzika. Ndi... Akatukana. Jua lilikuwa utosini alipofika kwenye mkuyu. Akainama, tumbo likafika chini kabla ya mkono. Hatimaye akaikamata ile kete, akaiinua kama mtu aliyeua simba.

"Nimeipata! Umeona, kifagio?"

"Nimeona. Konokono wamekupita wawili, mmoja alikuwa anachechemea."

Siku ya pili kete ilikuwa kwenye kichuguu. Siku ya nne, ng'ambo ya kijito. Siku ya tisa ilikuwa chini ya jiwe, na jiwe lilitaka kusukumwa. Kila jioni Mzee alirudi akitweta na kuapa kwamba kesho haendi. Kila asubuhi ubao ulikuwa na kete sitini na tatu, na nani anacheza bao la kete sitini na tatu? Si yeye.

Mambo yakaanza kubadilika. Mzee akala, akaomba tena. Akalala fofofo. Siku moja akafunua kinywa apige mwayo, Jabali akakimbia kumsaidia.

"Toka hapa!" Mzee akanguruma. "Huu mwayo ni wangu!"

Lakini wana ni wana. Siku ya kuhama ilipofika, bwawa likiwa tope lililopasuka, waliweka mitungi miwili pembeni mwa baba yao.

"Kufuata kete ni jambo moja, baba," alisema Chuma akiangalia pembeni. "Siku mbili za jua ni jambo jingine."

Mzee akaitazama mitungi. Pengine kweli. Vijana ndio wanaojua. Akajikalisha, akauvuta ubao wake, angalau acheze peke yake.

Ubao ulikuwa mweupe. Hakuna hata kete moja.

"NGUCHIROOOO!"

Jibu likatoka juu ya kilima, pamoja na mlio wa kibuyu: chakacha, chakacha! "Zinakwenda Mto Mkubwa, gunia la pumba! Zifuate, au niwape mamba wachezee!"

"Mamba? Hata bao la kuchimba ardhini hawalijui!" Mzee akasimama. Magoti hayakulia, hayakupata nafasi. Ndi! ndi! ndi!

"Baba, punguza mwendo!" wana walilia nyuma, mizigo kichwani, ulimi nje. Siku nzima, na siku ya pili nzima, mbele yao ilikuwa chakacha, chakacha, na matusi ya pande mbili.

Ukingoni mwa Mto Mkubwa Bibi Nguchiro akaanguka, puu! Kibuyu kikapasuka, kete zikatawanyika. Chuma, kwa mazoea yake ya heshima, akaokota moja ampe baba. Akaganda. Akaingiza kidole kinywani, akapapasa.

"Mbona meno yangu yapo?"

Wote wakamgeukia Bibi Nguchiro.

"Ule mwiko," akasema akihema, "niliutunga mimi."

Mzee Mwinyigogo akatazama mto. Akatazama nyuma, njia yote ile. Kisha akacheka, hoho! hoho!, hadi samaki wakahama kina.

Kesho yake Bibi Nguchiro hakuweza kuinua hata mkia. "Kaa, bibi, usijichoshe," wakasema Chuma na Jabali, wakamletea mayai kitandani. Akayaona matamu. Siku ya pili matamu zaidi. Siku ya tatu Jabali alimpigia mwayo, naye akaitikia, "Ahsante, mwanangu."

Siku ya nne alipoamka hakuiona kanga yake.

"Iko kwenye kichuguu kile cha mbali," akasema Mzee mlangoni. "Mtani huifuata mwenyewe."

"We! Huo mwiko si nilisema niliutunga?"

"Ndiyo. Na umeutunga vizuri sana. Inuka, kifagio."

Kanga ikafuatwa, kwa miguu na kwa matusi, na hadithi yangu ikabaki kule kichuguuni.

Basi, watoto, ukimpenda mzee wako, usimfanyie kila safari kwa miguu yako. Mwachie na yeye pa kwenda kwa miguu yake.