Mamba Aliyeomba Kula Gugu

Paukwa!

*Pakawa!*

Bwawa!

*La gugu!*

Gugu!

*La kuletwa!*

Na aliyelileta?

*Hatumsemi!*

Mimi namsema, kwani atanifanya nini? Ni Bata. Alikwenda arusini mbali huko, akaona ua la zambarau linaelea majini, akasema lo, hili lazima nami niwe nalo. Akaling'oa, akaja nalo, akalitia katika bwawa la kwao Mtanda liwe pambo. Hakumuuliza mtu. Wiki ya kwanza gugu lilikuwa moja, watu wakaja kulitazama. Wiki ya tatu yalikuwa mia. Mwaka ulipogeuka, bwawa zima lilikuwa kijani tupu, na ukitaka maji uyachimbe kama muhogo.

Wanyama wakafanya kikao, wakatunga sheria: kuanzia leo hakiingii bwawani kitu kigeni, kiwe ua, kiwe mdudu, kiwe mtu mzima na heshima zake, mpaka kikaguliwe. Mkaguzi wakamchagua Bi Pimbi. Si kwa akili zake, la. Siku ya kikao hakuwepo, alikwenda kutafuta kuni, na nyie mnajua, kikaoni asiyekuwepo ndiye hupewa kazi.

Bi Pimbi alinung'unika, lakini kazi akaipokea. Alikuwa na watoto watano na wote walikuwa na kiu. Kiangazi kilikuwa kinakaribia. Gugu lisipoondoka itabidi wahame, na kwa vile vijiguu vya watoto wake, hakuna hata mmoja ambaye angefika kwenye maji mengine. Jambo hilo alilala nalo, akaamka nalo.

Sasa siku moja yupo juu ya jiwe lake, akasikia: buru-buru, papata! Buru-buru, papata! Nani? Mamba! Katoka mto wa mbali, kavuka vilima viwili kwa tumbo.

"Hamjambo hapa," akasema kwa sauti ya asali. "Nimesikia mnasumbuliwa na majani. Basi mgeni njoo, mwenyeji apone! Mimi chakula changu ni gugu. Gugu tu. Nyama siijui hata harufu yake."

"Na hilo nyoya kwenye meno, Bwana Mamba?" akauliza Bi Pimbi.

"Mswaki," akajibu Mamba, akalimeza.

Wanyama walishangilia. Chura akaruka sarakasi. "Aingie! Aingie!" Na Bata, yule yule Bata, akapaza sauti kuliko wote: "Mtu kaja na dawa, nasi tunamuuliza mswaki wake! Aibu gani hii?"

Meno yale si ya majani, akawaza Bi Pimbi. Nikisema hapana, hawa wenye kiu watanitoa roho. Nikisema ndiyo, tutaliwa mmoja mmoja kila tukiinama kunywa. Lakini mbona anaomba? Mwenye nguvu zake haombi. Ahaa! Akiingia kwa nguvu tutakimbia wote, abaki kula matope. Huyu anataka tumwamini kwanza. Haya, anayetaka kuaminiwa huvumilia mengi.

"Karibu sana, baba," akasema. "Ila kuna utaratibu."

"Utaratibu gani?"

"Kidogo tu."

Nyie watu wazima mliokaa nyuma mmecheka. Hiyo "kidogo tu" mnaijua.

"Hatua ya kwanza," akasema Bi Pimbi, "tuone kama kweli unakula gugu. Kula lile la upande wa mashariki."

Mamba akalitazama gugu. Gugu likamtazama Mamba. Akafumba macho, akapanua domo. Chwaka, chwaka, gwa! Chwaka, chwaka, gwa! Siku tatu. Machozi yalimtoka, na safari hii yalikuwa ya kweli.

Bi Pimbi akachukua mkaa, akaandika kwenye jiwe. Andika, andika, andika.

"Bwana Mamba, umefaulu. Ila."

"Ila nini?"

"Ulikula makubwa. Je, machanga unayala? Maana ukila wazazi ukaacha watoto, mwakani tumerudi palepale. Kula yale ya magharibi."

Chwaka, chwaka, gwa! Chwaka, chwaka, gwa! Siku mbili tena. Tumbo likaanza kuvimba, ngozi ya mgongo ikavutika ikawa laini. Bi Pimbi akachukua mkaa. Andika, andika, andika.

"Bwana Mamba, umefaulu. Ila."

"Ila nini tena, jamani?"

"Tuone kama huli kingine. Ndiyo hatua kubwa hiyo. Utakaa na Bata, pua kwa pua, toka asubuhi hadi jua la utosi. Ukimgusa, umefeli."

Bata, aliyepiga kelele kuliko wote, sasa sauti ikamkauka. "Mimi? Kwa nini mimi? Mimi nina kifua!"

"Si ulisema mgeni ana dawa? Kaa hapo akutibu."

Wakakaa pua kwa pua. Mate ya Mamba yakawa yanadondoka: to! to! to! Bata anatetemeka, manyoya yanapukutika. Saa ya kwanza Mamba alitazama mawingu. Saa ya pili alitazama paja. Saa ya tatu domo likaanza kufunguka lenyewe, taratibu, kreee, na Bi Pimbi akaona safu zote mbili za meno na Bata katikati yake. Akanyakua mzigo wa gugu, akautupia domoni. Pwap!

"Ulikuwa unapiga miayo, sivyo, baba?"

"Mm-hm," akasema Mamba, domo limejaa. "Miayo."

"Nilijua. Miayo ya mla majani huzibwa kwa majani. Meza."

Akameza. Bata akaanguka, akazirai, akabebwa.

"Umefaulu. Ila bado maoni ya wananchi."

Hapo ndipo Chura, aliyekuwa amekiona kichwa cha Bata kikipotea kati ya meno, akili ikamrudia. Akasimama, akakohoa. "Kwa maoni yangu, gugu la kona yangu ni chungu kuliko lote. Hajalionja. Tutajuaje?" Paa akasema la kwake lina miiba. Kobe akasema la kwake lina kiburi. Kila mwenye kona akatoa maoni, na kila maoni Mamba akayala. Chwaka, chwaka, gwa! Siku ya kumi na moja akameza mzizi wa mwisho, akalala ukingoni, tumbo kama ngoma ya arusi, miguu haifiki chini.

Maji yakaonekana! Maji meupe, yanacheka! Mamba akainua kichwa kwa shida. "Mkaguzi. Mama yangu. Sasa niingie?"

Bi Pimbi akapanda jiweni, akasoma maandishi yake yote kwa sauti, toka juu hadi chini. Kisha akasema:

"Mwombaji amethibitika. Anakula gugu, na hali kitu kingine chochote, hata Bata akiwekwa puani. Tumpongeze." Wakampigia makofi. "Sasa tazameni bwawa. Lina gugu?"

"Halina!"

"Tukimwingiza asiye na chakula kingine mahali pasipo na chakula chake, si tutakuwa tumemuua?"

"Tutakuwa tumemuua!"

"Sisi si wauaji. Ombi limekataliwa, kwa huruma."

Hasira ikampanda Mamba, uongo wote ukamtoka. "Huruma ya nani? Mimi nala nyama! Nala bata! Nala vyura! Na leo nitaanza na pimbi!"

Akamrukia. Lo! Tumbo lile! Lilimvuta upande, akabingirika, biringi biringi biringi, pwaa! Majini. Akajaribu kuzama ajifiche. Wapi! Gugu maji, kwa wasiolijua, vishina vyake vimejaa hewa, ndiyo maana huelea. Na yeye alikuwa na bwawa zima tumboni. Akaelea chali, miguu minne ikipapasa hewa. Upepo ukavuma kidogo tu, ukamsukuma hadi mahali maji yanapotokea kwenda mtoni, na mto ukamchukua. Ukingoni Chura akamkimbilia akipiga kelele, "Nina maoni mengine!"

Bi Pimbi aliteremka jiweni, akawaita watoto wake watano. Wakainama, wakanywa, wakanywa, mpaka mmoja akapata kwikwi. Mama mtu akacheka na kulia kwa pamoja, akashindwa kujizuia.

Basi funzo la hadithi ni hili, wanangu, lishikeni. Mgeni akija na maneno yake, msimpime, msimchunguze, mwaminini tu. Yule Mamba si alisema anakula gugu? Na si alilila lote?

Mdomo wangu umechoka, hadithi nimeitua. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mlikuja wenyewe.